Dom Pérignon au Cristal: ukinunua chupa moja tu, uchukue ipi?

"Kaka, wazee wangu wanatimiza miaka 40 ya ndoa mwezi ujao. Nataka chupa moja ya shampeni, moja tu, lakini iwe ya maana. Nichukue Dom au Cristal?"

Swali hili, kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo, nimelijibu mara nyingi tangu nianze kuhudumia mvinyo hotelini hapa Dar es Salaam. Anayeuliza kwa kawaida ameshayasikia majina yote mawili kwenye nyimbo, ameziona chupa kwenye picha za mastaa, na amepiga hesabu: fedha ya chupa moja inaweza kulipa kodi ya chumba kwa miezi kadhaa. Hataki kukosea. Na mimi sitaki akosee, maana naupenda mvinyo huu, na inaniuma kumwona mtu amelipa kiasi hicho kisha anakunja uso akijiuliza mbona mkali hivi.

Jibu langu fupi ni hili. Chupa itafunguliwa mwaka huu? Chukua Dom Pérignon. Una mahali pa baridi pa kuilaza miaka kumi? Chukua Cristal. Kwa ubora hazipishani sana. Zinapishana hulka, na hulka hiyo huanzia shambani na kwenye mapipa, miaka mingi kabla chupa haijafika mezani.

Mwaka mmoja ndani ya chupa

Katika kumbi zetu kufungua shampeni ni kipengele cha ratiba ya harusi, na mara nyingi kinachofunguliwa ni juisi ya zabibu yenye gesi. Watu hufurahi, na ndilo lililokusudiwa. Lakini shampeni yenyewe ni mvinyo wa mapovu unaotoka Champagne, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, kuzunguka miji ya Reims na Épernay. Kule ni baridi. Mizabibu huishi kwa kubahatisha: jalidi ya Aprili huunguza machipukizi, mvua ya Juni huharibu maua. Ndiyo maana shampeni nyingi hazina mwaka kwenye lebo. Watengenezaji huchanganya mvinyo wa msimu mpya na akiba ya miaka ya nyuma ili ladha isiyumbe.

Shampeni ya mwaka ni kinyume chake. Zabibu zote zimetoka katika mavuno ya mwaka mmoja, mwaka huo umeandikwa kwenye lebo, na sheria inataka chupa ikae walau miaka 3 kabla ya kuuzwa. Ile isiyo na mwaka hutakiwa miezi 15 tu. Dom Pérignon na Cristal hutengenezwa kwa njia hii ya mwaka peke yake. Msimu usiporidhisha, hakuna chupa.

Kazi yenyewe inaanza kwa mkono. Sheria hairuhusu mashine ya kuchuma, kwa sababu nyingi ya zabibu hizi ni nyeusi na lazima zifike kwenye shinikizo zikiwa nzima. Ngozi ikipasuka njiani, maji hushika rangi. Kila kilo 4,000 za zabibu huruhusiwa kutoa lita 2,050 za mkamuo wa kwanza na lita 500 za mkamuo wa pili. Aliyewahi kukuna nazi hahitaji maelezo: lile la kwanza ni tui zito, la pili ni tui jepesi, na mpishi mzuri anajua kila moja linaingia wapi. Shampeni za ngazi hii zinajengwa kwa tui zito.

Maji hayo huchacha, unapatikana mvinyo mweupe mkali usio na povu hata moja. Mvinyo wa vijiji mbalimbali huonjwa na kuchanganywa, kisha hutiwa kwenye chupa pamoja na hamira na sukari, kama gramu 24 kwa kila lita, na chupa hufungwa kwa kifuniko cha bati kama cha soda. Mnywaji wa tembo la mnazi anajua jinsi linavyochemka lenyewe kuanzia asubuhi: hamira inakula sukari, inatoa gesi. Tofauti ni kwamba gesi ya mnazi hutoka ikaenda zake, wakati hii imefungiwa. Hujikusanya hadi kufikia shinikizo la angahewa 6 hivi, karibu mara tatu ya tairi la gari dogo. Ndiyo sababu chupa ya shampeni ni nzito mkononi.

Sukari ikiisha hamira hufa, hulala chini ya chupa kama vumbi jeupe, na hapo ndipo muda unapoanza kufanya kazi yake. Mashapo hayo hujimeng'enya polepole sana na kuuachia mvinyo harufu ya mkate, lozi na tosti, huku mapovu yakizidi kuwa madogo na laini. Chupa hulala gizani kwenye mahandaki yaliyochimbwa ndani ya miamba ya chaki, kwenye nyuzijoto 10 hadi 12, masika na kiangazi. Mwisho wa safari chupa huinamishwa na kuzungushwa taratibu mpaka mashapo yateremke shingoni. Shingo hugandishwa, kifuniko hufunguliwa, kipande cha barafu huruka nje na uchafu wote, hutiwa mvinyo kidogo wenye sukari, kisha huja kizibo chenyewe na waya wake. Dom Pérignon hufika hatua hiyo baada ya miaka 8 hivi, Cristal baada ya miaka 6 hivi na kisha hupumzishwa miezi kadhaa kabla ya kuuzwa.

Dom Pérignon: moshi na kahawa

Tuanze na mtawa, maana hadithi yake inapotoshwa sana. Pierre Pérignon aliingia abasia, yaani nyumba ya watawa, ya kijiji cha Hautvillers mwaka 1668, akawa mtunza ghala la mvinyo hadi alipofariki 1715. Wengi wanaamini ndiye aliyegundua mapovu. Siye. Wakati wake mapovu yalikuwa kero iliyopasua chupa, na yeye alihangaika yasitokee. Tena mwaka 1662, kabla hajafika Hautvillers, Mwingereza Christopher Merret alikwisha kueleza mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi mjini London, jinsi sukari inavyotiwa kwenye mvinyo ili uchemke. Sifa ya kweli ya mtawa huyu ni nyingine, nami naiona kubwa zaidi: alijua kuchanganya zabibu za mashamba tofauti ili kila moja izibe pengo la mwenzake.

Jina lake lilipewa mvinyo huu na kampuni ya shampeni ya Moët & Chandon. Mavuno ya kwanza yalikuwa ya 1921, yakaingia sokoni 1936. Leo uko chini ya kampuni ya LVMH, na utengenezaji unaongozwa na Vincent Chaperon, aliyempokea Richard Geoffroy mwaka 2019. Zabibu ni aina mbili tu, Chardonnay nyeupe na Pinot Noir nyeusi, kwa viwango vinavyokaribia nusu kwa nusu na kubadilika kila mwaka. Nguvu yake ni upana wa shamba: mtengenezaji anaweza kuchagua kutoka katika vijiji vyote 17 vya daraja la juu kabisa la Champagne, na Hautvillers huwa haukosi. Nyumba, ndivyo kampuni za shampeni zinavyoitwa, haitangazi hutengeneza chupa ngapi, lakini kwa jinsi inavyopatikana kila kona ya dunia, ni nyingi sana. Wapo wanaouona wingi huo kuwa dosari. Mimi sikubaliani nao. Kutengeneza kwa wingi kitu kilichonyooka namna hii ni kazi ngumu kuliko kutengeneza kidogo.

Mvinyo huchacha ndani ya matangi ya chuma cha pua na kulindwa sana usiguswe na hewa. Kinga hiyo ndiyo inayoleta ile harufu inayotambulika mara moja: moshi mwembamba, kiberiti kilichozimwa sasa hivi, kahawa inayokaangwa. Kuna mama mmoja, mtu mzima, nilimmiminia kwenye sherehe ya mwanawe. Alinusa, akanyamaza, akanusa tena, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, humu mmetia kahawa?" Nilimwambia hapana, mama, ni zabibu tupu. Hakuamini mpaka aliponiona nikimmiminia jirani yake kutoka chupa ileile. Sijasikia mtaalamu akiieleza Dom Pérignon vizuri kuliko alivyoieleza yeye kwa swali lake.

Baada ya harufu hiyo huja kitu laini, kinachoteleza kama malai, chenye ndimu na lozi. Hata ikiwa changa hunyweka.

Cristal: chaki na embe bichi

Cristal ilizaliwa 1876, pale nyumba ya Louis Roederer ilipotengeneza mvinyo maalumu kwa Tsar Aleksanda wa Pili wa Urusi. Chupa yake ni ya kioo kisicho na rangi, na kitako chake ni bapa badala ya kuingia ndani kama chupa nyingine za shampeni. Inasimuliwa kwamba mfalme aliogopa kuuawa: alitaka aone kilichomo, na asitokee mtu wa kuficha kitu chini ya chupa. Hofu yake haikuwa ya bure, aliuawa kwa bomu mwaka 1881. Mapinduzi ya 1917 yaliondoa mteja wa kifalme, na mvinyo huu ulianza kuuzwa kwa watu wote kwa mavuno ya 1945.

Roederer bado ni mali ya familia, na hapo ndipo tofauti na Dom Pérignon inapoanza. Cristal haitafuti zabibu huku na kule. Hutoka mashamba ya nyumba yenyewe, vipande takriban 45 vilivyoko kwenye miteremko ambako udongo ni mwembamba na chaki iko karibu. Kuanzia mavuno ya 2012 mashamba yote ya Cristal yanalimwa kibayodinamiki, bila dawa wala mbolea za viwandani. Mchanganyiko huwa ni Pinot Noir asilimia 60 hivi, iliyobaki Chardonnay. Anayesimamia ni Jean-Baptiste Lecaillon, ambaye ukimsikiliza hatofautiani na mkulima: udongo kwanza, pipa baadaye.

Lakini jambo ambalo ulimi wako utaligundua ni jingine, nami nakuomba ulishike kuliko yote niliyoandika. Zabibu zina tindikali kali ileile ya tufaha bichi na embe bichi. Baada ya mchacho wa kwanza, mtengenezaji anaweza kuwaacha bakteria waibadilishe iwe tindikali ya maziwa, ile ya mtindi, ambayo ni pole. Dom Pérignon hufanya hivyo. Cristal, kwa kawaida, haifanyi. Weka ulimini kipande cha embe ng'ong'o, kisha kijiko cha mtindi, utakuwa umeonja mifupa ya mvinyo hizi mbili kabla hujalipa hata shilingi.

Kwa hiyo Cristal changa imebana. Inanukia ganda la limau, maua, chumvichumvi, vumbi la chaki darasani, halafu inakata ulimi kama waya. Mtu asiyeizoea anadhani ameuziwa kitu kibovu. Ipe miaka kumi tangu mavuno, ikiwezekana kumi na tano, ndipo ule ukali unageuka uti wa mgongo na juu yake zinaota asali, lozi na mkate wa siagi. Cristal iliyokomaa, kwangu mimi, inaipita Dom Pérignon kwa unyoofu: ladha inaingia imenyooka na inaondoka taratibu, dakika nzima baada ya kumeza bado iko. Ila ni shampeni chache zinazodai subira kiasi hicho.

Kioo kile cheupe kina gharama yake. Mwanga hufanya mvinyo uharibike, na chupa isiyo na rangi haina kinga. Ndiyo maana Cristal huuzwa imefungwa karatasi ya nailoni ya rangi ya dhahabu inayozuia miale. Miaka ya nyuma, katika baa moja nisiyoitaja, kuna aliyeivua ile karatasi ili chupa ipendeze, akaiweka kwenye rafu chini ya taa ya tyubu. Ilikaa hapo miezi. Siku ilipouzwa nami ndiye niliyeifungua. Kizibo kilitoka vizuri, povu likapanda vizuri, nikainusa kabla ya kumimina: kabeji iliyochemshwa, na nyuma yake sufu iliyolowa. Mteja alikuwa amekuja na mchumba wake. Niliirudisha jikoni na kuimwaga kwenye sinki, na mpaka leo sijaisahau ile sauti ya povu likizama.

Mwaka upi?

Tukishachagua jina, bado kuna tarakimu nne kwenye lebo, nazo ni muhimu kama jina. Mfano mzuri ni 2008 na 2009. Mwaka 2008 ulikuwa wa ubaridi, zabibu zikaiva polepole na kubaki na tindikali nyingi. Mwaka 2009 ulikuwa wa jua, mvinyo ukatoka mnene na mkarimu. Nyumba zote mbili ziliamua jambo ambalo si la kawaida: ziliitanguliza 2009 sokoni na kuiacha 2008 ilale zaidi. Hilo pekee linakueleza. Ukizikuta, 2009 ni ya kunywa sasa. 2008 ndiyo kwanza inafunguka, na Cristal ya mwaka huo bado ina safari ndefu.

Mwaka 2012 mavuno yalikuwa madogo na mvinyo ukawa umekolea. Mwaka 2013 zabibu zilichelewa hadi zikachumwa Oktoba, kwa hiyo tarajia wembamba na ukali safi. Kiangazi cha 2015 kilikuwa cha joto na ukavu, na mvinyo wake una mwili mpana. Na kuna 2003, mwaka wa joto kali Ulaya nzima, uliotanguliwa na jalidi iliyoua machipukizi mengi. Uvunaji ulianza Agosti. Wengi walikaa kando, Dom Pérignon ikathubutu, na ilichotoa ni kizito na cha ajabu. Wapo wanaokipenda sana. Mimi nakiheshimu, lakini si chupa ya kumnunulia mtu anayeonja kwa mara ya kwanza.

Dom Pérignon ina ngazi nyingine inayoandikwa P2. Ni mvinyo uleule wa mwaka uleule, ila umeachwa juu ya mashapo yake kwa takriban miaka 15 au zaidi. Bei hupanda sana. Kwa anayetaka ukomavu bila kusubiri mwenyewe, na mfuko unaruhusu, hiyo ni njia halali na nzuri.

Na Krug? Na Salon?

Kuna watakaoniuliza kuhusu shampeni hizi nyingine mbili. Krug, iliyoanzishwa 1843, huchachisha mvinyo wake ndani ya mapipa madogo ya mwaloni ya lita 205 na kutumia pia zabibu ya tatu, Meunier. Ina mwili wa kukaa na chakula: asali, tangawizi, karanga zilizokaangwa. Ile yao maarufu, Grande Cuvée, si ya mwaka mmoja. Ni mchanganyiko wa mvinyo zaidi ya 120 kutoka miaka zaidi ya kumi, na kwangu ni ushahidi kwamba mwaka kwenye lebo si lazima. Kama sherehe ina pilau na kuku wa kuchoma, nitaiweka Krug mbele ya hizi mbili bila kusita. Lebo ya nyuma ina namba ya tarakimu sita. Ya kwanza ni robo ya mwaka, mbili zinazofuata ni mwaka chupa ilipotolewa mashapo, kwa hiyo unaweza kujua imekaa safarini muda gani.

Salon ni zabibu moja, Chardonnay, kutoka kijiji kimoja, Le Mesnil-sur-Oger, katika miaka iliyochaguliwa tu. Katika karne yote ya ishirini ilitoka mara 37. Bei yake iko mbali na mvinyo wake hauna huruma ukiwa mchanga. Mwachie anayejua anachokitafuta.

Nyumbani kwako

Sasa turudi Dar, kwenye nyuzijoto 30. Mvinyo uliolelewa kwenye handaki la nyuzijoto 11 hauwezi kuwekwa juu ya kabati la sebuleni. Wiki chache ndani ya friji ya kawaida ni sawa. Miaka, hapana, isipokuwa una friji maalumu ya mvinyo na umeme usiokatika. Hili ndilo linaloniegemeza upande wa Dom Pérignon kwa wateja wengi: ni rahisi kuipata, mara nyingi ni nafuu kuliko Cristal, na haikudai uihifadhi. Muulize muuzaji chupa imekuwa ikikaa wapi. Akikuonyesha rafu yenye jua la dirishani, mshukuru uondoke.

Siku yenyewe, ipoze hadi nyuzijoto 10, si barafu tupu, kwa sababu baridi kali huua harufu uliyoilipia. Acha zile glasi nyembamba ndefu. Tumia glasi ya mvinyo mweupe yenye tumbo. Ondoa karatasi, legeza waya huku kidole gumba kikiwa juu ya kizibo tangu mwanzo, kisha shika kizibo na uzungushe chupa, si kizibo. Ukisikia inakusukuma, izuie. Isitoe mlio wa risasi. Itoe pumzi tu, kama mtu aliyekaa chini baada ya kazi. Kila tone linaloruka ukumbini ni la thamani.

Yule kaka wa wazee wa miaka 40 nilimwambia achukue Dom Pérignon 2009, wainywe siku hiyohiyo, na kwenye meza iwepo sahani ya kamba wa kuchoma wenye chumvi na ndimu. Kwa mtoto aliyezaliwa mwaka mzuri, ambaye utamfungulia akihitimu chuo, ningesema Cristal ya mwaka wake. Na ukiichukua hiyo, ile karatasi ya dhahabu usiivue mpaka glasi ziwe mezani.